Baba, Upande wa Mashariki Sikuutembea

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu hukuwahi kunipokelea neno lolote kabla yake, hata siku ile niliyorudi mbio kutoka shule ya msingi kichwa kinavuja damu. Ulisimama mlangoni ukasubiri. Nikasema shikamoo huku nalia, ukaitikia marahaba, ndipo ukauliza ni nani aliyenirushia jiwe.

Nakuandikia nikiwa Ipagala, huku mjini, kwenye chumba nilichopanga. Ni Jumamosi mchana na upepo umeamka vibaya, vumbi linaingia hata nikifunga dirisha. Barua hii nimeiandika ili isomwe na wengine pia, hasa watu wa mtaa wetu, maana humu ndani mna jambo ambalo wewe ulizuia wasilijue. Nimelibeba miaka minne sasa na limenichosha. Naomba radhi kwamba nalitoa bila ruhusa yako.

Najua unaikumbuka asubuhi ile tulipokuja wanafunzi. Tulikuwa mwaka wa tatu, tunasomea mipango miji, na chuo kilikuwa na utaratibu wake na jiji. Kila mwaka tulipewa mtaa mmoja wa pembezoni, ule ambao watu wamejijengea wenyewe bila kupimiwa, tukatengeneze ramani ya nyumba zilizopo. Ramani hiyo ndiyo ambayo wapimaji wangeifuata baadaye wakigawa viwanja na kupitisha barabara. Kwa mwalimu wetu lilikuwa somo lenye maksi. Kwa jiji ilikuwa kazi iliyowapunguzia mzigo. Kwa wenye nyumba ilikuwa nini, sikumbuki kama tuliwahi kuulizana darasani. Mwaka ule zamu iliangukia mtaa wetu, na mwenyekiti wa mtaa ulikuwa wewe.

Ulivaa koti lako la kijivu la kanisani siku ya Jumatano. Mama alikucheka, akauliza kama kuna mtu anaoa. Uliazima mabenchi kanisani, ukawakalisha watu mbele ya ofisi ya mtaa, ukatusimamisha sisi mstari mmoja kama kwaya. "Hawa ni watoto wenu," ukasema. "Mkiwaona wanachungulia uani msiwafukuze. Wanajifunza, na wakijifunza vizuri ni sisi tutakaopata hati." Kisha ukaninyooshea kidole. "Na huyu hapa si mgeni. Huyu ni wa kwangu."

Watu walipiga makofi. Bibi Sechelela alikuwa amekaa benchi la mbele kwa sababu masikio yalikuwa yameanza kumchoka, na kama walivyo wote wenye masikio ya namna hiyo, alidhani ananong'ona. "Ndiye Esta yule aliyekuwa anakojoa kwenye mkeka wangu?" Mtaa mzima uliangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke nizame, na wewe ulicheka mpaka ukatoa leso.

Nieleze hapa kwa ajili ya wasiomjua. Bibi Sechelela alikuwa jirani yetu wa upande wa mashariki, mjane, mtoto wake mmoja yupo Bahi analima mpunga. Sisi wengine tulipohamia kwenye bati yeye alibaki kwenye tembe lake, nyumba ya kikwetu ya miti na udongo, fupi, paa lake bapa nalo ni la udongo, mtu anaweza kusimama juu yake. Mavuno yakiingia alianika mtama huko juu. Ukishakauka, wewe ulikuwa unaninyanyua mabegani ukanipandisha niukusanye, kwa sababu nilikuwa mwepesi na paa lilikuwa limezeeka. "Pita kwenye mti mnene," uliniambia ukiwa chini, mikono umeinyoosha kwa hofu ya kuanguka kwangu. Nilikuwa na miaka sita au saba. Nilijua kila gogo la paa lile kwa unyayo.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi, mtoto wako niliyesoma.

Kazi ilianzia chuoni, kwenye chumba cha kompyuta. Walirusha droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani, ikapiga picha za mtaa kutoka juu, na sisi tukawa tunazungushia mstari kila paa tunaloliona. Mimi nilipewa mashariki makusudi kabisa, kwa kuwa ni kwetu. Nilijidai, baba. Nilikuwa nachora huku nataja: hili la mzee wa baiskeli, hili la mwalimu mstaafu, hili aliezeka mwaka ule alipouza ng'ombe. Wenzangu wakawa wanasogeza viti kuja kunisikiliza. Nikafika kwa Bibi Sechelela nikaona mraba wa rangi ya udongo uliolingana na udongo wote wa jirani, na juu yake madoa mekundu. Mtama. Nikaandika: uwanja wa kuanikia nafaka. Nikaendelea na bati lililofuata.

Ulikuwa ni mtama wake, juu ya paa lake, juu ya kichwa chake. Sikuwa na haraka, sikuwa naumwa. Nilikuwa najisikia vizuri sana siku ile.

Mwalimu hakuwa mjinga. Alijua picha inadanganya, ndiyo maana kulikuwa na siku ya uhakiki. Kila mwanafunzi alitakiwa kushuka na fomu yake, apite nyumba kwa nyumba, apige hodi, asalimie, aandike jina la mwenye nyumba, na mwishoni asaini pale palipoandikwa kwamba amefika kila mahali. Kisha mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Zaituni, rafiki yangu wa Kondoa, alipewa magharibi. Alikuja kwetu saa saba mchana, vumbi hadi magotini, mbigili zimejaa kwenye soksi, akajitupa kwenye kigoda cha mama. "Mimi leo nimepiga hodi hadi kwenye banda la kuku," akasema. "Wewe umeshamaliza?"

Nilikuwa nimekaa barazani, nakula ugali wa uwele na mlenda. Fomu yangu nilikuwa nimeijaza yote tangu asubuhi, kwa kichwa.

"Nitembee wapi?" nikamjibu. "Huku kwetu."

Yeye alikuwa mgeni, kwa hiyo aliuliza. Mimi nilikuwa mwenyeji, nikaona kuuliza ni kujidhalilisha. Ningetembea hatua mia mbili tu, baba, ningemkuta Bibi ameketi mlangoni pake, angenitania na mkeka wake, na mimi ningejikwaa kwenye kosa langu na kulifuta kwa kalamu. Hatua mia mbili ndizo zilizonishinda.

Ulirudi kutoka kwenye usuluhishi wa mbuzi wa watu ukanikuta na sahani. "Umemaliza tayari?" ukauliza. Nikakwambia, "Baba, kule nazijua hadi nyufa za kuta." Ukacheka kwa raha, ukamwita mama aje asikie mtoto wake anavyosema. Ukatoa muhuri kwenye kile kikopo, ukauhemea kwa mdomo wino ulainike, ukagonga pembeni ya saini yangu. Hukusoma. Kwa nini ungesoma? Aliyesaini alikuwa ni mimi.

Tulipata A. Ramani ikabandikwa kwenye maonyesho, na wewe ukaja na koti lilelile, ukasimama karibu nayo nusu siku nzima ukiwaonyesha watu usiowajua nyumba yetu ilipo. Kuna mtu wa ofisini alikupa mkono, akasema una binti hodari. Jioni ulilirudia neno hilo mezani mara tatu, na mama akakwambia sasa inatosha, utampa kichwa kikubwa. Nilikuwa nacho tayari.

Kiangazi kilichofuata wapimaji walikuja na mawe ya mpaka. Wenye nyumba kwenye ramani walibakizwa palepale, kila mtu na kiwanja chake. Palipoandikwa pako wazi pakagawiwa kwa waombaji. Bwana mmoja wa mjini akaja na karatasi zake zimekamilika, mtu mpole tu, akakuta katikati ya kiwanja chake kuna tembe na ndani ya tembe kuna bibi anapepeta mtama. Alishtuka kuliko sisi. "Mimi nimeonyeshwa kiwanja kitupu," alikuwa anarudia. Ulikwenda ofisi moja hadi nyingine kwa wiki kadhaa, ukajibiwa kwa adabu kila mahali kwamba ramani imeshapitishwa, na imehakikiwa na wanafunzi na mwenyekiti mwenyewe. Wakakuonyesha fomu. Ukaona saini yangu na muhuri wako, bega kwa bega.

Hukuniambia kwamba umeiona. Nililijua hilo kwenye mkutano wa mtaa.

Nilikuwa nimerudi likizo, nimekaa nyuma na mama. Watu walikuwa wengi na hawakuwa na sura za makofi. Mzee wa baiskeli akasimama, akauliza swali moja tu: "Upande ule alipita nani?"

Ulinyanyuka polepole. Hukugeuka kunitazama hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba unajua. "Nilipita mimi," ukasema. "Wanafunzi niliwaambia upande ule waniachie. Kosa ni la macho yangu."

Halafu kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini iliyomfikia kila mtu, "Sema tu umekiuza kiwanja cha mjane, mwenyekiti."

Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Miguu yangu ilikuwa mizima. Niliangalia vidole vyangu, nikawaza mwaka mmoja uliobaki chuoni, nikawaza mwalimu akisikia, nikakaa. Wewe ulikunja karatasi zako, ukasema uenyekiti unauacha, ukawashukuru kwa miaka waliyokuamini.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama ametangulia. Nikaanza, "Baba, mimi..." Ukanikatiza. "Maliza chuo," ukasema. Hatukulizungumza tena maishani.

Tembe lilibomolewa asubuhi moja. Sikuwepo, nilikuwa chuoni nawasilisha utafiti wangu wa mwisho, nimevaa suti ya kuazima. Mama ndiye aliyenisimulia ulivyokwenda na toroli, ukatoa mitungi na vibuyu na kinu kimoja kimoja, peke yako, na kwamba hakuna mwanamume wa mtaa aliyekuja kukusaidia kwa sababu waliona unaondoa ushahidi. Mtoto wa Bibi akaja kumchukua, wakaenda Bahi. Siku hizi pale pana ukuta wa tofali na geti jeusi. Nikienda kwa mama huwa napita njia ya nyuma.

Ulianza kukaa ndani. Watu walikusalimia, maana shikamoo haifutwi, lakini hawakuketi tena. Wewe uliyekuwa unaamua kesi za mbuzi na mipaka na wakwe, ukawa mtu wa kusikiliza redio. Mimi nikapata kazi kwenye kampuni ya upangaji, na kwenye usaili walipoomba niwaonyeshe kazi niliyowahi kuifanya, niliwaonyesha ramani ya mtaa wetu. Ndiyo, baba. Ile ile. Nilikuletea mshahara wa kwanza na shati, ukalivaa siku hiyo hiyo, ukaniombea. Nilisema moyoni, amenisamehe. Kila nilipokuja ukanichekea nilisema hivyo. Nilizoea kusema hivyo kama mtu anavyozoea kumeza dawa.

Ukafariki mwaka jana kabla ya mvua. Watu walikuja, siwezi kuwasingizia. Walichimba kaburi, walileta kuni, walilala msibani siku zote kama inavyotakiwa. Wasifu wa marehemu nikaandika mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nikataja ulikozaliwa, ulivyofanya kazi ya reli, ulivyomwoa mama, ulivyoimba besi kanisani. Miaka ya uenyekiti niliiruka. Niliona nikiitaja nitawasha moto. Nilipokuwa nakunja karatasi nikasikia nyuma yangu, "Naye ameona aibu kuisema." Kumbe kimya changu kilikuwa kimetoa ushahidi dhidi yako, mbele ya jeneza lako.

Sijui kwa nini ilinichukua mwaka mwingine mzima. Sina kisingizio kizuri. Nilikuwa naogopa, kisha nikawa nimezoea kuogopa.

Wiki mbili zilizopita niliandika maelezo yangu, kurasa mbili, kwamba ile fomu niliijaza barazani, kwamba sikupita, kwamba mwenyekiti hakupita wala hakuwahi kuniambia nimwachie. Nikayapeleka kwenye ofisi iliyotunza ramani. Kijana wa mapokezi aliyasoma mara mbili. "Dada," akaniuliza kwa huruma, "una uhakika unataka nikugongee imepokelewa? Hii haina kurudi." Nikamwambia agonge. Kazini wameniambia nikae nyumbani kwanza mpaka waitane. Wakili wa msaada wa kisheria anasema familia ya Bibi inaweza sasa kudai kiwanja kingine, ingawa hakuna anayeniahidi kitu. Tembe halirudi, hilo hakuna anayelizungumzia hata.

Kisha Jumatatu nikaenda Bahi.

Nilimkuta uani kwa mtoto wake, anachagua mawe kwenye mchele. Amekuwa mdogo sana, baba. "Mbukwa," akanisalimu kwa kikwetu kabla hajanitambua, nikapiga magoti nikampa shikamoo, nikaanza kusema maneno niliyoyapanga njia nzima kwenye bodaboda. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia. Akaweka tena. Ikabidi nipaze sauti. Basi jambo nililolificha miaka yote ile nililitangaza kama mtu wa mnada: "Bibi, ni mimi! Sikupita! Nyumba yako niliiandika uwanja! Baba hakuuza!" Wajukuu waliacha kucheza. Mkaza mwana wake alitoka jikoni na mwiko mkononi. Jirani alichungulia juu ya ua. Nikamaliza, nikabaki nimepiga magoti, koo linawaka.

Bibi aliendelea kuchagua mchele.

"Najua," akasema.

Nikadhani hajanisikia. Nikaanza upya. Akanishika mkono.

"Baba yako alikuja kwangu siku ile ile ya mkutano. Akaniambia, ni mtoto wangu, na mimi niligonga bila kutazama. Akaniomba ninyamaze, umalize shule kwanza."

"Na ukakubali, Bibi? Nyumba yako?"

"Nyumba ilikuwa imeshakwenda, hata ningepiga kelele. Akasema ukimaliza utakuja mwenyewe. Hatutamwita, akasema. Anakuja huyu, mimi namjua." Alitoa kijiwe akakitupa pembeni. "Kila mavuno alikuwa ananijia huku. Namuuliza, vipi, bado? Ananiambia, bado, lakini anakuja. Mavuno ya mwisho alikuwa anakohoa sana. Nikamwambia, mwite basi umuulize. Akakataa. Akasema, mimi nikimwita nitakuwa nimemharibia."

Baba, sikujua kwamba ulikuwa unakwenda Bahi. Mama naye alidhani unakwenda kutafuta mchele.

Bibi hakunigombeza. Alinipa chai, akaniuliza kama nimeolewa, akasema nimekonda. Ningependa angenitukana. Nilirudi mjini nikiwa nimekaa nyuma ya bodaboda, sioni njia kwa machozi na vumbi, na dereva akawa ananiuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza lini. Nikamwomba aongeze mwendo.

Nimekuwa nikikumbuka nyuso zako zote za miaka ile. Ulivyoninyanyukia kila nilipoingia. Ulivyokuwa unazima redio nikiketi, unaniangalia, unasema "Ehe, niambie," kisha unanyamaza muda mrefu. Nilikuwa nakusimulia habari za kazini, foleni, bei ya chumba. Ulisikiliza zote mpaka mwisho, ukaitikia, ukawasha redio tena. Nilidhani ule ukimya ndio msamaha wenyewe. Kumbe ulikuwa unaningoja.

Kesho baada ya ibada wameniruhusu kuisoma barua hii mbele ya mtaa. Mwenyekiti mpya alisita, nikamwomba mara ya pili, akakubali. Nitaisoma yote, sitaruka mahali. Mama atakuwepo, nimemwambia kila kitu juzi, naye koti lako amelitoa akalipiga pasi na sijui anataka kulifanyia nini. Labda watu watanizomea. Labda yule kijana wa mkutanoni atakuja kaburini kwako kusema pole, labda hatakuja. Nitalisema jina lako kwa sauti, na kwamba hukuuza chochote cha mtu yeyote.

Nimekuja, baba. Nimechelewa vibaya, lakini nimekuja.

Pumzika sasa. Usiningoje tena.

Kitindamimba wako,
Esta